Ndovu Weupe wa Bonde la Ebro: Ishara, Ngeli na Suala la Mimba katika Hadithi Fupi ya Ernest Hemingway

1.0 Utangulizi

Istilahi ya ishara imezoeleka mno katika ufundishaji wa fasihi, kiasi kwamba matumizi yake yameanza kuwa ya mazoea tu. Mwanafunzi anapopewa hadithi fupi aihakiki, mara nyingi kazi ya kwanza anayoifanya ni kuigawa karatasi yake katika safu mbili. Katika safu ya kwanza huandika vitu: mto, jua, pazia, reli. Katika safu ya pili huandika maana: uhai, ukame, kizuizi, njia panda. Baada ya hapo huonekana kuwa uhakiki umekwisha. Mtindo huu una faida yake kwa mwanagenzi, kwa kuwa humfunza kwamba vitu vilivyomo katika hadithi havikuwekwa kwa bahati nasibu. Hata hivyo, hasara yake ni kubwa zaidi. Humfanya msomaji aamini kwamba ishara ni kufuli lililofungwa na mwandishi, na kwamba mhakiki ni yule aliyebahatika kuuokota ufunguo.

Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Hoja kuu ni kwamba, katika hadithi iliyo bora, ishara huwa ni jambo ambalo wahusika wenyewe wanaligombania mbele ya msomaji. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kitu fulani kina maana gani, yafaa kuuliza ni nani anayekipa maana hiyo na ni nani anayeikataa. Hoja hii itajadiliwa kwa kuitazama hadithi fupi ya Ernest Hemingway iitwayo "Hills Like White Elephants", inayohusu wapenzi wawili waliokabiliwa na mimba ambayo hawakuipanga. Itaonyeshwa pia kwamba msomaji wa Kiswahili anapoiendea hadithi hii anakuwa na nyenzo moja ambayo msomaji wa Kiingereza hana, yaani mfumo wa ngeli pamoja na upatanisho wake wa kisarufi.

2.0 Hadithi na Mazingira Yake

Hadithi hii ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 1927 katika jarida la transition lililokuwa likitolewa Paris. Mwaka huohuo iliingizwa katika mkusanyiko wa hadithi uitwao Men Without Women. Ni fupi sana, na sehemu kubwa yake ni mazungumzo.

Mandhari yake ni stesheni ya reli katika bonde la mto Ebro nchini Hispania. Mwanamume Mmarekani na msichana aliyefuatana naye wanaisubiri treni itokayo Barcelona kwenda Madrid, ambayo itafika baada ya dakika 40. Kuna joto. Wanakunywa bia, kisha wanaagiza kinywaji kikali ambacho jina lake limechorwa kwenye pazia la shanga za mianzi mlangoni mwa baa. Wakati wote huo mwanamume anamshawishi msichana akubali kufanyiwa upasuaji ambao kwa maneno yake ni mdogo mno, na hata haustahili kuitwa upasuaji. Msichana hakatai waziwazi, wala kukubali kwake hakuonyeshi kuwa ni kwa hiari. Neno mimba halitajwi hata mara moja. Kutoa mimba hakutajwi pia. Hadithi inakwisha ilhali treni haijafika.

Ukimya huo unaweza kuelezwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya kifani. Katika kitabu chake cha Death in the Afternoon cha mwaka 1932, Hemingway alilinganisha uandishi na jabali la barafu linaloelea baharini, ambalo sehemu moja tu kati ya nane huonekana juu ya maji. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, mwandishi anayelijua vizuri jambo lake anaweza kuliacha bila kulitaja, na msomaji akalihisi uzito wake. Namna ya pili ni ya kihistoria. Wakati hadithi hii inaandikwa, kutoa mimba kulikuwa kosa la jinai Hispania na Marekani pia. Isitoshe, penisilini iligunduliwa mwaka 1928, na haikuanza kutumiwa kwa wagonjwa wengi hadi miaka ya 1940. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa namna hiyo kwa siri mwaka 1927 alikuwa anauweka uhai wake rehani. Mwanamume anaposema kwamba ni jambo jepesi, msomaji anapaswa kuukumbuka ukweli huo. Uzito wa hatari uko kwa mmoja, na wepesi wa maneno uko kwa mwingine.

3.0 Upungufu wa Uhakiki wa Orodha

Uhakiki uliozoeleka wa hadithi hii huanzia kwenye mandhari. Stesheni imekaa kati ya njia mbili za reli. Upande mmoja nchi ni kavu na ya rangi ya udongo, haina kivuli wala miti. Upande wa pili kuna mashamba ya nafaka, na miti imeota kandokando ya mto. Kutokana na hayo hutolewa mlinganyo rahisi: upande mkavu ni kutoa mimba, upande wa rutuba ni kuzaa, na stesheni ni njia panda.

Mlinganyo huo si wa uongo. Mandhari hiyo imepangwa kwa makusudi, na msichana anaposimama na kutembea hadi mwisho wa stesheni ili ayatazame mashamba, kitendo chake hakiwezi kuwa cha kupunga upepo tu. Tatizo ni kwamba mlinganyo huo unasahau mambo mawili. Kwanza, unasahau kwamba vilima vinavyoipa hadithi jina lake si vya kijani. Ni vyeupe kwa jua, na viko katika nchi kavu. Kama ukavu ni alama ya utasa, basi inashangaza kwamba taswira inayokumbusha zaidi tumbo la mwanamke mjamzito inatoka kwenye vilima hivyohivyo. Pili, unasahau kwamba mashamba yale yanapotazamwa, kivuli cha wingu kinapita juu yake. Mwandishi hakuyaacha mashamba yabaki kuwa ahadi tupu ya heri.

Mhakiki mwenye orodha atalazimika kuyafumbia macho mambo hayo, au kuyaongezea safu nyingine. Mhakiki anayefuatilia mazungumzo ataona kwamba maana ya vilima haiko katika vilima. Iko katika kile wanachofanyiana wahusika wawili baada ya mmoja wao kuvitazama na kusema vinafanana na nini.

4.0 Tashbiha na Anayeitamka

Anayesema kwamba vilima vinafanana na ndovu weupe ni msichana. Usimulizi haujasema hivyo. Msimulizi ametaja tu kwamba vilima ni virefu na vyeupe. Tashbiha ni mali ya msichana, na mwanamume anaipokea kwa namna ya pekee: anajibu kwamba hajapata kumwona ndovu wa aina hiyo. Msichana anapomwambia kwamba hangeweza kumwona, yeye anadai kwamba kauli hiyo haithibitishi chochote. Mmoja anazungumza kwa mfano, na mwingine anadai ushahidi.

Hapa ndipo mgogoro wa hadithi unapoanzia, kabla ya upasuaji kutajwa kabisa. Msichana anajaribu kulisogelea jambo zito kwa njia ya fumbo, na mwenziwe anakataa kuwa mshirika katika kulifumbua. Jamii ya Waswahili ina uzoefu mkubwa wa lugha ya namna hii. Jina la kanga na ubeti wa taarabu vimekuwa kwa muda mrefu njia ya kulisema lile lisilosemeka waziwazi, hasa kwa wanawake. Lakini fumbo huhitaji watu wawili. Mfumbaji hutegemea kwamba mwenziwe anazijua kanuni za mchezo na yuko tayari kuzifuata. Waswahili husema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Mwanamume wa hadithi hii si mjinga. Analing'amua fumbo vizuri sana, naye anaamua kujifanya hakulisikia.

Baadaye msichana anairudisha nyuma kauli yake. Anasema kwamba kwa hakika vilima havifanani sana na ndovu, ila alikuwa na maana ya rangi ya ngozi yao inavyoonekana kupitia kwenye miti. Wahakiki wengi huipita kauli hii haraka. Hata hivyo, ni ya msingi, kwa sababu inaonyesha mtu anayepunguza maneno yake ili amridhishe anayemsikiliza. Kisha, mazungumzo yanapofika kwenye upasuaji, msichana anauliza swali linaloyaunganisha mambo yote mawili: je, akikubali kufanya hivyo, mambo yatakuwa mazuri tena, na akisema kuwa vitu vinafanana na ndovu weupe mwenziwe atapendezwa? Kwa swali hilo, msichana mwenyewe ameifafanua ishara kuliko mhakiki yeyote. Anataka kujua kama bei ya kusikilizwa ni mwili wake.

Ni vyema pia kukumbuka nani anaijua lugha ya mahali pale. Mwanamume anajua Kihispania, msichana hajui. Yeye ndiye anayemsomea maandishi ya kwenye pazia, na ndiye anayemfasiria maneno ya mwanamke wa baa anapoleta habari kwamba treni itafika baada ya dakika tano. Mfasiri wa ulimwengu wote wa msichana ni mtu yuleyule ambaye ana maslahi katika uamuzi wake.

5.0 Vilima Vyeupe, Ndovu Weupe

Katika Kiingereza, ndovu mweupe ni msemo. Una maana ya kitu chenye gharama kubwa ambacho mwenyewe hana haja nacho na hawezi kukitupa. Inasimuliwa kuwa asili yake ni wafalme wa Siam, ambao walimtunuku ndovu mtakatifu mtumishi waliyetaka kumfilisi kwa gharama za kumtunza. Kwa upande mwingine, katika mapokeo ya Kibudha mama yake Budha aliota ndoto ya ndovu mweupe akimwingia ubavuni, na ndoto hiyo ikawa bishara ya uzazi mtukufu. Hivyo mnyama huyu anabeba maana mbili zinazopingana, yaani mzigo na tunu.

Msomaji wa Kiswahili hana msemo huo. Badala yake ana methali isemayo kwamba ndovu hashindwi na mkonga wake, ambayo hutumika kumkumbusha mtu kuwa wajibu wake, hasa wa kulea, haumzidi nguvu. Kwa hiyo ndovu wa Waswahili anaelekea kusema kinyume cha ndovu wa Waingereza. Mwalimu anayeifundisha hadithi hii anapaswa kuliona hilo mapema. Bila ya tahadhari, wanafunzi wake watailazimisha methali iwe hukumu juu ya msichana, na hadithi itageuka mawaidha.

Kuna jambo la kisarufi lenye manufaa zaidi. Nomino kilima iko katika ngeli ya KI-VI, na kivumishi chake hufuata: vilima vyeupe. Nomino ndovu ina umbo la ngeli ya N, lakini kwa kuwa inataja kiumbe hai, huchukua upatanisho wa A-WA: ndovu weupe. Mtu asemapo kwa Kiswahili kwamba vilima vinafanana na ndovu weupe, amevuka kutoka upatanisho wa vitu hadi upatanisho wa viumbe katika sentensi moja. Kiambishi kimoja kimefanya kazi ambayo Kiingereza kinaiacha bila alama yoyote. Na uvukaji huo ndio hasa kiini cha mgogoro. Mwanamume anazungumza juu ya kitu, yaani utaratibu wa kitabibu unaokamilika upesi. Msichana anavitazama vilima ambavyo ni ardhi tupu na anaviona vina ngozi.

Haifai kuelewa kwamba sarufi ya Kiswahili inatoa hukumu juu ya suala la mimba. Lugha yenyewe imelikwepa suala hilo. Mimba ni ya I-ZI, kijusi hufuata KI-VI, na mtoto aliyemo tumboni ni wa A-WA. Msemaji ndiye anayechagua neno, na kwa kulichagua anachagua pia upatanisho. Hadithi hii ni simulizi ya watu wawili ambao hawajaafikiana juu ya upatanisho.

Uteuzi wa jina la mnyama nao si jambo dogo. Mfasiri anayechagua tembo badala ya ndovu atakumbana na tembo la mnazi, ambalo nalo lina weupe wake. Methali ya mgema asifiwaye inaonyesha kwamba kinywaji hicho huchukua upatanisho wa LI-YA, na kwa hiyo ni kiambishi cha kivumishi peke yake kitakachomwokoa mnyama asiingie kibuyuni. Katika hadithi ambayo wahusika wanakunywa tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, utata huo unaweza kuleta kicheko mahali pasipotakiwa. Kwa sababu hiyo, neno ndovu linafaa zaidi.

6.0 Kiwakilishi Kisicho na Ngeli

Nyenzo hiyohiyo inayomsaidia msomaji inaweza kumponza mfasiri. Hemingway anatumia kiwakilishi cha Kiingereza kisichotofautisha upasuaji, mimba, hali ya wapenzi hao wala ulimwengu wanaoutazama. Msichana anaposema juu ya kile ambacho kikishachukuliwa hakirudishwi, msomaji wa Kiingereza hana namna ya kujua kwa yakini kama anazungumzia ulimwengu au mtoto. Utata huo ndio maumivu yake.

Kiswahili hakikubali utata huo kirahisi. Kiambishi u- kitampeleka msomaji kwenye ulimwengu au upasuaji, i- kitampeleka kwenye mimba, na a- kitamtaja mtoto kabla msichana mwenyewe hajathubutu kumtaja. Mfasiri atakayeandika i- kila mahali atakuwa amelitoa jabali lote la barafu juu ya maji. Atakayeongeza maelezo ya chini ya ukurasa kuwa wahusika wanazungumzia kutoa mimba atakuwa amefanya kosa kubwa zaidi, kwa sababu atakuwa amemfasiria msichana kama yule mwanamume anavyomfasiria. Njia iliyo salama ni kulishikilia neno jambo pamoja na upatanisho wake wa li-. Jambo linaweza kuwa upasuaji, linaweza kuwa mimba, na linaweza kuwa maisha yao yote. Ni neno pana, la heshima, ambalo wazungumzaji wa Kiswahili hulitumia kila siku wanapokwepa kulitaja lile linalowasumbua.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano wa njia tofauti. Riwaya ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ilizungumza waziwazi juu ya mimba za wasichana na utoaji mimba, na uwazi huo ulikuwa sehemu ya nguvu yake. Si lazima njia moja iwekwe juu ya nyingine. Kila moja ina madai yake kwa msomaji, na mfasiri hana ruhusa ya kuibadilisha moja iwe nyingine.

7.0 Mwisho wa Hadithi

Swali linaloulizwa zaidi madarasani ni la mwisho: je, msichana atakubali upasuaji? Wapo wanaosema kwamba mwanamume anapoichukua mizigo na kuipeleka upande wa pili wa stesheni ameacha msimamo wake. Wapo wanaosema kwamba mizigo hiyo, iliyobandikwa vibandiko vya hoteli zote walizolala, inaonyesha kuwa maisha yao ya zamani yanaendelea na msichana ameshindwa. Pande zote mbili hutegemea ishara ya upande wa reli ili zifikie uamuzi.

Matini hayatoi idhini hiyo. Yanachotoa ni tabia ya lugha. Kabla ya mizigo kuhamishwa, msichana amemwomba mwenziwe anyamaze, na neno la kuomba amelirudia mara saba mfululizo. Mfasiri atakayelipunguza hadi mara mbili kwa kuona kuwa saba ni nyingi atakuwa ameondoa kilele cha hadithi. Baada ya hapo msichana hasemi tena kwa tashbiha. Anatabasamu. Anapoulizwa kama ana nafuu, anajibu kwamba yu mzima na hana tatizo lolote. Mtu aliyeanza kwa kuwaona ndovu juu ya vilima anamalizia kwa lugha kavu kama ya mwenziwe. Kama kuna hasara iliyothibitika katika hadithi hii, ni hiyo. Hatima ya mimba haijulikani, lakini hatima ya fumbo lake inajulikana.

Msomaji anayeifungua hadithi kwa nguvu ili apate jibu la ndiyo au hapana anarudia kitendo cha mwanamume: anamshurutisha msichana atoe kauli ambayo hakuitoa. Ustahimilivu wa msomaji kubaki na swali hilo bila jibu ni sehemu ya heshima anayodaiwa na mhusika huyu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vilima, mashamba, pazia na mizigo haviwezi kusomwa kama msamiati wenye maana moja moja. Vinapata uzito kutokana na mtu anayevitaja, mtu anayemjibu, na lugha inayomilikiwa na mmoja zaidi ya mwingine. Imeonyeshwa pia kwamba ngeli za Kiswahili zinaweza kumsaidia msomaji kuona mahali ambapo kitu kinageuka kiumbe, na zinaweza vilevile kumsaliti mfasiri asiye makini.

Inapendekezwa kwamba walimu wa fasihi na wa tafsiri waitumie hadithi hii kwa pamoja. Mwanafunzi apewe aya chache aifasiri, kisha atakiwe kueleza kila kiambishi cha upatanisho alichokichagua. Zoezi hilo litamfunza mengi kuliko safu mbili za ishara na maana. Atakapofika mahali ambapo msichana anasema juu ya kisichorudishwa, akasita asijue aandike u-, i- au li-, atakuwa ameanza kuisoma hadithi.